Karata Nzuri Si Kinga: Acheni Kutuambia Tuweke Yote

Kaka na dada zetu wa Mbale wametuandikia maneno makali. Wanasema sisi wa Nalufenya tumekuwa waoga. Wanasema kijana mkimbizi akishapata karata nzuri maishani, iwe ni ufundi, iwe ni lugha nne kinywani, iwe ni mtaji mdogo kutoka shirika, aweke yote mezani bila kugeuka nyuma, kama wale wachezaji wa poka tunaowaona kwenye video. "Mwenye esi mbili haogopi," ndivyo walivyoandika. Na wafanyakazi kadhaa wa mashirika wakaipigia makofi.

Sawa. Tunajibu. Na tunajibu kwa poka hiyohiyo, maana inaonekana walioleta mfano huu wameutazama mchezo bila kuucheza.

Kwanza tuweke wazi tunachezaje. Tunacheza kwa maharage. Kila mtu anapewa idadi sawa, mchezo ukiisha maharage yanarudi sufuriani na yanapikwa. Si kwamba sisi ni watakatifu. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari ya pesa, na wengi wetu hatujafika huko. Sisi tunaishi Nalufenya, jamani. Ukimtajia mtu wa Kampala jina hili hakumbuki hospitali ya watoto wala barabara ya kwenda darajani. Anakumbuka mahabusu ya polisi iliyofungwa mwaka 2018. Hatuna hamu ya kwenda kueleza kituoni kwamba tulikuwa tunajifunza hesabu.

Lakini hesabu ndiyo tuliyojifunza. Hebu tuifanye pamoja.

Umepewa esi mbili, ya shupaza na ya pau. Hakuna jozi kubwa kuliko hiyo kabla meza haijafunguliwa. Ukipambana na mtu mmoja mwenye karata zozote tu, utashinda karibu mara 85 kati ya 100. Hapo hata sisi tunatabasamu. Sasa ongeza watu. Wakiwa wanne dhidi yako, wote wakabaki hadi karata ya mwisho, esi zako zinashinda karibu mara 56. Wakiwa wanane, karibu mara 35. Karata ni zilezile. Bado wewe ndiye mwenye mkono bora kuliko kila mmoja wao akisimama peke yake. Ila sasa ni rahisi zaidi kushindwa kuliko kushinda, kwa sababu kila mmoja ana kanjia kake ka kukupita, na vinjia vingi vikiunganishwa vinakuwa barabara kuu.

Huo ndio mkono wenye nguvu lakini usio na kinga. Si mkono mbaya. Ni mkono unaoongoza leo na unaoweza kupitwa na karata moja kesho.

Sasa, mtu anaulinda vipi? Hapa Mbale wana nusu ya ukweli. Ukiuchezea kwa woga unaumia. Tuseme mezani kuna maharage 100, na karata tatu za kwanza zimefunguliwa: tisa ya kopa, nane ya kopa, tatu ya uru. Mwenzako ana kopa mbili mkononi, anangoja ya tano. Katika karata 47 asizoziona, kopa zimebaki 9. Karata inayofuata itamletea kopa mara 19 hivi kati ya 100. Akiruhusiwa kuona karata zote mbili zilizobaki, inafika mara 35.

Ukiweka dau la maharage 10, umemuuzia ngoja yake kwa bei ya karanga. Analipa 10 ili apiganie rundo la 120. Inamtosha kushinda mara 8 au 9 kati ya 100, naye ana 19. Anafuata akicheka, na ana haki ya kucheka. Ukiweka 75, mambo yanabadilika. Sasa analipa 75 kupigania 250, anahitaji kushinda mara 30, na karata moja haimpi hizo. Akifuata, amekosea, na kwa muda mrefu kosa lake ni chakula chako. Kwa hiyo ndiyo, mkono wenye nguvu unaongezewa dau. Anayengoja kukupita alipe bei ya kungoja. Hapo hatubishani.

Tunabishana na neno "yote."

Katika poka isiyo na kikomo unaruhusiwa kusukuma rundo lako zima wakati wowote. Ndiyo utamu wake na ndiyo sumu yake. Tuseme mbele yako una maharage 1,000, na mezani bado ni zile 100. Wewe na esi zako unasukuma yote 1,000. Nani atafuata? Aliyeshika takataka atatupa karata. Mwenye jozi ndogo, uliyekuwa unampiga, atatupa. Atakayebaki ni yule mwenye tisa mbili mkononi, ambaye na ile ya mezani ana tisa tatu. Huyo wala hafikirii, anafuata. Na wewe, ndugu yangu mwenye esi, zimebaki esi mbili tu za kukuokoa, na nafasi ya kuziona haifiki hata mara 1 kati ya 10.

Umeelewa kilichotokea? Kwa kuweka yote umewafukuza uliokuwa unawashinda na umemkaribisha anayekushinda. Mara nyingi utaokota 100. Siku moja utatoa 1,000. Dau kubwa kuliko haja halikulindi. Linachagua adui, na linakuchagulia aliye mgumu.

Watu wa Mbale watasema: "Lakini mara nyingi utashinda!" Ni kweli. Sasa sikilizeni hesabu ambayo hakuna video inayowaonyesha. Chukua mkono mzuri sana, unaoshinda mara 80 kati ya 100. Weka yote. Umeshinda. Weka yote tena. Ukifanya hivyo mara tatu, nafasi ya kuwa bado umekaa mezani ni 51 kati ya 100, kama kurusha sarafu. Mara tano, ni 33. Mara kumi, ni 11 hivi. Kila mara ulikuwa na mkono mzuri. Kila mara ulikuwa "sahihi." Na mwisho wake umesimama pembeni unatazama wengine wakicheza.

Anayeandika mkeka wa mpira anaijua hesabu hii hata kama hajawahi kuikokotoa. Timu tano, zote "za uhakika," kila moja mara 80 kati ya 100. Mkeka mzima ni 33. Halafu timu ya tano inafungwa dakika ya 90, na kijana anasema bahati imemkataa. Bahati haijamkataa mtu. Ni hesabu. Na kampuni ya mikeka, tofauti na sisi wa maharage, imeshaweka faida yake ndani ya bei kabla mpira haujapigwa.

Kuna hesabu nyingine, nayo ndiyo inayotuuma zaidi. Weka watu wawili wenye ujuzi sawa kabisa, karata za haki, hakuna anayeiba. Mmoja ana maharage 20, mwingine ana 180. Wacheze mpaka mmoja afilisike. Mwenye 20 atazoa yote mara 1 tu kati ya 10. Si mjinga. Si mvivu. Hajakosa kujiamini. Alianza na 20 tu, basi. Mwenye 180 anaweza kukosea mara mbili, tatu, akanywa chai, akarudi. Mwenye 20 akikosea mara moja, au asikosee kabisa ila karata ya tano ikamgeuka, amekwisha.

Wazee wetu walilisema hili bila karata. Kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua haleli, akilea huchukuliwa na mwewe. Kuku ni yuleyule wa kijiji kizima. Maskini anaye mmoja.

Kwa hiyo tunasema, na tunalisema kwa sauti: kinga ya mkono mzuri haimo ndani ya mkono. Imo katika kilichobaki mfukoni baada ya kushindwa. Mchezaji mkubwa wa poka hapeleki mezani pesa zake zote za duniani. Anapeleka sehemu ndogo, ili hata esi zake zikivunjwa leo, kesho awepo. Ujasiri mnaouona kwenye video ni wa mtu mwenye rundo la pili ambalo kamera haikuonyesha.

Mnapenda kutuletea hadithi ya Chris Moneymaker. Tunaijua. Mwaka 2003 aliingia kwenye mashindano makubwa ya poka ya Las Vegas kupitia shindano la mtandaoni la dola 86, wakati kiingilio cha kawaida kilikuwa dola 10,000, akaondoka na dola milioni 2.5. Hadithi tamu. Lakini wachezaji walikuwa 839. Wengine 838 hawakuwa mabingwa. Na Moneymaker alikuwa mhasibu mwenye kazi yake huko Tennessee. Angeshindwa, hasara yake ilikuwa dola 86, na Jumatatu angerudi ofisini. Hakuweka yote. Aliweka dola 86. Hadithi mnayoitumia kutusukuma inasema kinyume cha mnachosema.

Sasa tutoke mezani tuje Uganda, maana maharage ni mazoezi tu.

Tuna karata nzuri nchi hii, hatukatai. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na ya kutembea. Wenzetu walio makambini wamepewa vipande vya ardhi. Ukilinganisha na nchi ambazo mkimbizi anafungiwa nyuma ya senyenge, hizi ni esi. Kila mgeni anayetua Entebbe anasifia, na sisi tunashukuru kwa moyo.

Lakini hesabuni waliokaa mezani. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na ina vijana wake wenyewe wanaotafuta kazi ileile, chumba kilekile, abiria yuleyule wa boda. Haki ya kufanya kazi ni esi mbili dhidi ya watu wanane. Ni mkono bora, na unaweza kupoteza mara nyingi kuliko kushinda. Kodi ya nyumba haingoji karata ya tano. Malaria haiulizi una diploma ya Bukavu au ya Bujumbura.

Na sasa tusikilizeni vizuri, ndugu wafanyakazi wa mashirika, kwa sababu hapa ndipo tunawalenga ninyi. Mnapoona mkimbizi ana karata nzuri, mnafanya nini? Mnamwondolea rundo la pili.

Si maneno yetu ya hasira. Mwaka 2023 WFP iliwagawa wakimbizi wa makambini katika makundi matatu kufuatana na hali zao, na kundi lililohesabiwa kuwa linajiweza likaacha kupewa chakula. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipokauka, karibu watu milioni moja wakaondolewa kwenye chakula. Sisi wa mijini hata hatukuwa kwenye orodha, maana misaada mingi hutolewa makambini, na ukichagua kuishi Jinja au Mbale unahesabiwa kwamba umeamua kujitegemea. Tunaelewa kwamba pesa zimepungua. Hatuwalaumu wanaogawa kidogo kilichobaki, na mwenye hali mbaya zaidi atangulizwe. Tunachokataa ni lugha. Mtu akionekana ana cherehani na mikono miwili mnamwandika "anajiweza," kana kwamba mkono wenye nguvu na mkono wenye kinga ni kitu kimoja. Si kimoja! Poka nzima imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Halafu, baada ya kumwondolea, mnamletea mkufunzi. Mkufunzi anasimama mbele na chati yake. Anasema: thubutu, acha mpango wa pili, choma mashua, mjasiriamali wa kweli haachi kitu nyuma. Mwisho wa mwezi mkufunzi anapokea mshahara. Ana bima. Ana 180. Anawafundisha wenye 20 kucheza kama yeye.

Dada mmoja wa kikundi chetu alikuwa anashona nyumbani, wateja wake ni majirani, cherehani moja ya mtumba. Mkono mzuri. Mkufunzi wa shirika moja akamwambia anajidharau, akope, apange chumba cha barabarani, anunue mashine ya pili na vitambaa vya jumla, vyote kwa mpigo. Dada akasema hapana. Akasema atanunua vitambaa vya sare za shule vya madarasa mawili tu, aone wazazi wanalipaje, mashine nyingine ingoje. Kwenye fomu akaandikwa kwamba "hana moyo wa biashara." Mtoto wake akaugua mwezi uleule, akatumia akiba kumtibu, na cherehani ikabaki yake. Leo anashona. Angekubali, mwezi ule ule angedaiwa kodi ya chumba, marejesho ya mkopo na dawa, na mashine zote mbili zingeondoka. Sasa mtuambie, jamani, nani hapo anajua kucheza karata?

Tunajua mtatujibu nini. Tumeshayasikia.

Mtasema tunafundisha woga. Hapana. Mwoga ni yule aliyeweka maharage 10 akawaachia wote wangoje bure. Dada yetu aliongeza dau. Aliweka vitambaa vya madarasa mawili, pesa ya kweli. Aliweka 75, hakuweka 1,000. Kati ya kupita na kuweka yote kuna uwanja mpana, na mchezaji mzuri anaishi humo.

Mtasema kusubiri nako kuna gharama. Ni kweli, na katika poka ipo: kila mzunguko kuna dau la lazima, ukikaa unatupa karata tu rundo linaisha lenyewe. Kwetu dau la lazima linaitwa kodi, maji, nauli, karo. Ndiyo maana hatusemi mtu akae. Tunasema kila akiweka, ajue kabla ya kuweka: nikipoteza hii, kesho asubuhi nina nini?

Na wale wajanja zaidi wa Mbale watasema: mwenye rundo dogo sana ndiye anayepaswa kuweka yote, maana hana nafasi ya kucheza polepole. Hapa wamegusa jambo, tusiwadhulumu. Ukiwa umebaki na maharage 80 na mezani kuna 100, kusukuma yote na esi mbili ni sahihi, hata sisi tunafanya. Lakini tunaweza kufanya hivyo kwa sababu tukipoteza tunainuka, tunachemsha chai, na maharage yanapikwa tuyale wote, aliyeshinda na aliyeshindwa. Anayeshindwa kwenye maisha hali maharage ya mshindi. Ananyang'anywa chumba. Anaacha shule. Wengine wanarudi kambini kuanza upya, wengine wanafikiria kurudi walikokimbia risasi. Ile sheria ya rundo dogo ni ya mchezo wenye kesho. Kabla hamjatuambia tuitumie, tuhakikishieni hiyo kesho.

Kwa hiyo tunataka nini? Tunasema wazi, mambo manne.

Moja, mtaji utolewe kwa awamu mbili. Nusu ya kwanza mtu aingie mezani. Nusu ya pili ikae pembeni kwa jina lake, aipate hata kama ya kwanza imeliwa na hasara isiyo kosa lake. Msitoe yote siku moja mbele ya kamera halafu mkashangaa baada ya miezi sita.

Mbili, hesabuni walioanguka pia. Ripoti zenu zinaleta kijana mmoja aliyefanikiwa, na picha yake akicheka. Tuleteeni na wale 838. Waliingia na karata gani? Nini kiliwaangusha, uvivu au malaria? Bila hesabu hiyo hamfundishi biashara, mnasimulia Moneymaker.

Tatu, acheni kuandika "hana moyo" kwa mtu aliyekataa mkopo mkubwa. Kutupa karata ni ujuzi. Katika poka ndio ujuzi mgumu kuliko yote, kutupa mkono mzuri ambao meza imeshaugeuza kuwa wa pili. Atakayejua kufanya hivyo kabla hajafilisika apewe alama, asipunguziwe.

Nne, na hii ni kwetu wenyewe, vijana wa Jinja na Mbale. Rundo la pili tusilingoje kutoka Geneva. Vikundi vya akiba vipo, lile sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Wengi wetu tunaliona ni jambo la mama zetu, la polepole, halina msisimko wa mkeka. Lakini angalieni linafanya nini. Linawachukua watu 20 wenye 20 kila mmoja na kuwafanya wawe na 400. Mmoja akivunjiwa esi zake, anakopa kwa wenzake, anarudi mezani juma lijalo. Lile sanduku la bati ndilo linalomgeuza mwenye 20 kuwa mtu anayeweza kukosea mara mbili. Hakuna karata inayofanya hivyo, hata esi nne. Akiba haiozi, wamesema wahenga, nasi tunaongeza: akiba ndiyo inayoufanya mkono mzuri uwe mzuri kweli.

Basi, kaka na dada wa Mbale, hatujawa waoga. Tunakubaliana nanyi kwamba kijana mwenye ufundi, lugha na sheria upande wake asikae pembeni akingoja huruma. Acheze, na acheze kwa nguvu. Awalipishe wanaongoja kumpita. Ila asimruhusu mtu yeyote mwenye mshahara amwite mwoga kwa sababu amebakiza kitu mfukoni. Na mkija Jinja, njooni na maharage yenu. Tutawapa esi mbili, tutakaa watu wanane dhidi yenu, tucheze mikono kumi mfululizo, kila mara muweke yote. Halafu tutaendelea na mjadala huu kwa tumbo lililoshiba, maana yatakayopikwa jioni hiyo, tunaona kabisa, yatakuwa ya kwenu.